Toka Nje Kabla ya Saa Kumi

Mwezi wa Desemba hapa Berlin jua linazama saa kumi kasoro. Sijakosea kugeuza saa. Ni saa kumi kasoro za alasiri, wakati ambao kwetu Tanga jua ndiyo kwanza linaanza kupoa na kina mama wanatandika mikeka barazani. Huku taa za barabarani zimeshawaka, na anayetoka kazini anakanyaga giza.

Kila ikifika Septemba napata ujumbe kutoka kwa vijana wanaokuja Ujerumani kusomea uuguzi kama nilivyokuja mimi. Swali ni lile lile: dada, nibebe nini? Wanangoja niwatajie unga, viungo vya pilau, mafuta ya nazi ya ngozi. Vibebeni tu, mtashukuru. Lakini ushauri wangu mkubwa hauingii kwenye begi. Ukishapata chumba, tafuta bustani moja ya umma iliyo karibu nawe, uwe unaingia humo kila siku kungali na mwanga, iwe baridi iwe manyunyu, uwe na hamu au usiwe nayo. Hamu usiingoje. Wakati wa baridi hamu haiji.

Mimi nilikuja kulijua hilo baada ya kuumia. Nilifika Oktoba 2021. Mafunzo yetu ni darasa na wodi, na zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili. Katikati ya kipupwe jua linachomoza kama saa mbili na robo. Kwa hiyo naingia wodini giza, natoka saa nane mchana miguu inawaka moto kama niliyetembea kutoka Muheza, napanda treni ya chini ya ardhi, nafika chumbani, nasema ngoja nijinyooshe kidogo. Nikifumbua macho, giza. Wiki inakatika sijaliona jua ila kwenye dirisha la wodi, na dirisha lenyewe linatazamana na ukuta.

Ilipofika Januari nilikuwa nalala nusu ya siku na bado naamka nimechoka. Simu za nyumbani nikawa sizipokei, nasingizia mtandao. Siku moja nilikaa chini sakafuni jikoni nikalia kwa sababu mfuniko wa chupa ya achari umegoma kufunguka. Achari! Nilipojisikia ninavyolia kwa sauti, nikaingiwa na hofu. Kesho yake nikaenda kwa daktari.

Akanipima damu, akakuta vitamini D iko chini sana, akaniandikia vidonge. Halafu akaongeza, huku ameshageukia kompyuta yake: na kila siku utoke nje saa nzima, kabla giza halijaingia. Nikaondoka nimenuna. Mtu nimekaa kwenye foleni asubuhi kutwa, mgonjwa, halafu naambiwa nikatembee.

Hapa niseme jambo moja kama muuguzi, maana nasikia watu wanalichanganya. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huku linapita chini mno, ngozi haiwezi kutengeneza vitamini D ya kutosha hata ukikaa nje kutwa, na sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua jingi kuliko wao. Kwa hiyo matembezi ya Desemba hayachukui nafasi ya vidonge, na vidonge usijipimie mwenyewe kwa kusikia fulani anameza vingapi. Kapime. Kazi ya matembezi ni nyingine: mwanga unaoingia machoni ndio unaouambia mwili sasa ni mchana na sasa ni usiku. Hata siku ya mawingu mazito, mwanga wa nje unaushinda kwa mbali mwanga wa taa za chumbani. Mwili wangu ulikuwa umepoteza saa, umekaa kama abiria asiyejua basi limefika wapi.

Nikaanza basi, kwa shingo upande. Na kilichonishinda mwanzoni hakikuwa baridi. Kilikuwa aibu.

Kwetu mtu hatembei, mtu anakwenda. Anakwenda sokoni, anakwenda msibani, anakwenda kwa fundi kuchukua nguo. Njiani anaulizwa waenda wapi, na jibu analo. Hata tukisema "fulani kaenda kutembea" tuna maana yuko nyumbani kwa watu, kakalishwa, kaletewa chai. Asiyekuwa na pa kwenda huyo anazurura, na mtoto wa kike wa Ngamiani, mtaa wetu kule Tanga, akiitwa mzururaji maneno yanafika kwa baba kabla yeye hajafika. Tulikuwa tukienda kupunga upepo Raskazone, ndiyo, lakini hiyo ni sikukuu, ni kundi zima na nguo mpya. Si mtu mmoja, Jumanne, na sweta, kuzunguka miti iliyopukutika majani kisha kurudi alikotoka mikono mitupu.

Siku za mwanzo nilihisi kila anayenipita ananiuliza moyoni, huyu naye anatafuta nini? Nikapiga chenga hii, nawe ukitaka ichukue: nilijitafutia safari. Upande wa pili wa bustani kuna maduka ya mikate ya Waturuki. Nikawa nakwenda kununua mkate. Nina pa kwenda, nina cha kurudi nacho, kifua mbele. Mkate huo huo ulikuwepo duka la chini ya nyumba yetu, hilo nilijifanya sijui. Kama mwezi mzima nilitembea kwa ajili ya mkate, na siku niliyosahau pochi chumbani nikajikuta nimeshafika katikati ya miti, nikasema basi, leo nazurura.

Bustani yangu inaitwa Volkspark Rehberge, iko mtaa wa Wedding, kaskazini-magharibi ya katikati ya jiji. Ni kubwa, hekta kama 78, na ukichimba kidogo tu unakutana na mchanga, maana vilima vyake vyote ni mchanga uliorundikwa na upepo zamani za kale. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baridi zilizofuata, watu walikuwa wanaganda majumbani, wakaikata miti ya hapa wakaifanya kuni. Pakabaki jangwa dogo ndani ya mji. Kati ya 1926 na 1929 jiji likachukua watu waliokuwa hawana ajira, wakapapanda upya kwa ramani ya Erwin Barth, aliyekuwa mkuu wa bustani za Berlin. Kuna vidimbwi vya bata, uwanja mpana wa nyasi, mteremko ambao watoto huteleza theluji ikianguka, na ua wa nguruwe mwitu ambao nitaurudia, kwani wananidai.

Nilihamia huko kwa sababu chumba kilikuwa cha bei nafuu, basi. Siku ya kuhama naburuta begi, nainua macho kwenye kibao cha barabara: Tangastraße. Barabara ya Tanga. Nikasimama katikati ya njia watu wananipisha. Nikapiga picha nikamtumia kaka yangu. Akajibu kifupi tu kama mtu wa Ngamiani kweli kweli, ambako barabara huitwa kwa namba: "Ya ngapi?"

Mtaa mzima uko hivyo. Sansibarstraße, Usambarastraße, Ugandastraße, Kongostraße, Togostraße. Furaha yangu ilidumu kama wiki moja, mpaka nilipojua majina yalifikaje hapo. Ya kwanza, Togo na Kamerun, yalibandikwa 1899, Ujerumani ikijivunia makoloni yake. Na kwenye vilima hivi hivi ninavyopumulia, mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck wa Hamburg alikusudia kujenga maonyesho ya kudumu ya wanyama wa Afrika. Na watu wa Afrika. Pamoja, watazamwe. Vita vya 1914 ndivyo vilivyovuruga mpango huo.

Mwendo mfupi kutoka bustanini palikuwa na barabara iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939, enzi za Wanazi. Peters huyu kwetu hana haja ya kuelezwa, ndiye aliyezunguka Usagara na Uzigua mwaka 1884 akiwatilisha machifu saini kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma, ndiye wazee waliyemwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986, watu walipoanza kupiga kelele, wakubwa wakapata ujanja: jina libaki, ila tangu leo ni la Peters mwingine, Hans, mwanasiasa wa Berlin. Kibao kile kile, mwenyewe kabadilishwa! Sijawahi kuona uvivu wa namna hiyo. Ilibidi ifike tarehe 23 Agosti 2024 ndipo Petersallee ikaondoka, kipande kimoja kikaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek Desemba 1959 watu walipokuwa wakipinga kuhamishwa kwa nguvu, na kipande kingine kikaitwa Maji-Maji-Allee.

Nilikwenda kukitazama kibao hicho baada ya zamu, na viatu vya kazini. Nilikisoma kwa sauti, ma-ji ma-ji, na mama mmoja aliyekuwa anasukuma kigari cha mtoto akaniuliza kama ndivyo linavyotamkwa. Nikamfundisha. Akauliza maana yake. Nikamwambia ni maji tu, maji ya kunywa, kisha nikamweleza na vita vya 1905 mpaka 1907, na kwamba waliokufa kusini kwetu, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa, wanakadiriwa kufika laki tatu. Alikuwa anaishi kwenye barabara hiyo miaka sita. Mtoto wake akaanza kulia, tukaagana.

Ndiyo maana nasema, unapotembea inua macho, soma vibao. Si lazima ukutane na kwenu. Lakini mji uliousoma kwa miguu haukutishi tena kama ule unaouona kwenye ramani ya simu.

Sasa mavazi, nipite haraka maana wengi wanaandika hayo. Kinachokutoa nje ni miguu na vidole, si koti. Watu wanakuja na koti la bei mbaya na raba za kitambaa, theluji ikiyeyuka maji yanaingia, siku mbili tu wanasema nchi haikaliki. Nunua buti lisilopitisha maji, kubwa kidogo kuliko mguu wako ili soksi ya pili iingie bila kubana, maana soksi zikibana damu haipiti na utaganda vile vile. Taiti ndani ya suruali. Masikio yafunikwe, wa ushungi kama mimi tumeshafaulu nusu ya mtihani. Njia za bustanini hazimwagwi chumvi, kwa hiyo barafu ikikaa, tembea pembeni kwenye majani na mchanga, hatua fupi, mikono nje ya mifuko. Na kidimbwi kilichoganda usikikanyage, hata ukiona Wajerumani wamesimama juu yake.

Simu je? Baridi inamaliza betri. Hili hakuniambia mtu, nikaliona mwenyewe, na hapo ndipo nguruwe wanapoingia.

Ilikuwa kipupwe changu cha pili, nimeshajiona mwenyeji. Nilichelewa kutoka kazini, nikaingia bustanini saa tisa na nusu nikasema nusu saa yatosha. Nikaacha njia kubwa nikapanda kilima ili nikatize. Giza la huku haliingii polepole likikuaga. Ukungu ulishuka pamoja nalo, na nilipotoa simu niwashe tochi ilikuwa inaonyesha asilimia 31, nikaibonyeza ikazima. Ikawa kipande cha kioo mkononi. Nikageuka nilikotoka, njia siioni. Miti yote sura moja. Jamani, katikati ya jiji la watu zaidi ya milioni tatu na nusu, nilianza kusoma Ayatul Kursiy kama niliyepotea Msitu wa Amani.

Nikasimama nisikilize. Nikasikia mguno. Halafu mwingine, na kitu kizito kinafukua matope. Harufu nayo ikanifikia, ile isiyohitaji kuelezwa. Mtoto wa madrasa mimi, ambaye kila siku naupita ua ule kwa upande wa mbali nikiwa nimeshika pua, nikawafuata nguruwe kwa masikio na pua mpaka mkono ukagusa seng'enge. Kutoka kwenye ua wao njia ya barabarani naijua, nikatoka. Mama nilipomsimulia alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mola ana viumbe wake." Tangu siku hiyo simu inakaa mfuko wa ndani, karibu na mwili, na saa tisa kamili kama sijafika bustanini naghairi, nazunguka barabarani penye taa.

Mbwa pia uwajue. Sheria inataka wafungwe kamba, lakini wenyewe wengi wanajifanya hawajui kusoma vibao. Mbwa akikujia mbio, usikimbie na usipige kelele. Simama, kunja mikono kifuani, tazama pembeni. Mwenyewe atakuja anatabasamu akikwambia hana neno, hafanyi kitu. Mwambie bila kugombana kwamba wewe unaogopa, amwite. Mimi huongeza kwamba nguo zangu ni za kuswalia, na ajabu ni kwamba hilo wanalielewa upesi kuliko hofu. Nimeshazoeana na wawili watatu, namaanisha wenye mbwa. Hao ndio wa kwanza kusalimia katika mji huu, kwa vile nao wanatoka kila siku saa ile ile kama wewe, watake wasitake.

Na chupa yako ukimaliza maji usiitumbukize ndani ya pipa la taka. Huku kuna pesa ya chupa, kama zamani kwetu ulivyokuwa ukiacha pesa ya chupa ya soda dukani: plastiki nyingi senti 25 za yuro, chupa ya bia ya kioo senti 8. Kuna wazee wanaopita bustanini na mifuko wakiziokota, wengine wamevaa vizuri kabisa huwezi kudhani. Iweke chini kando ya pipa, wasiingize mkono kwenye uchafu. Mimi nilikuwa sijui, mpaka mzee mmoja akaja kuitoa chupa niliyoitupa mimi mwenyewe, mbele ya macho yangu, na mkono ukatoka umejaa masalia ya chakula cha mtu. Sikupata hata neno la kumwambia.

Kuhusu watu, usiwalazimishe. Huku mjini hawasalimiani na wasiowajua, na salamu zetu ndefu zinawashtua. Mimi nilimwona bibi mmoja kila siku kwenye benchi lile lile karibu na kidimbwi, na kigari chake cha magurudumu manne cha kujishikilia, anawagawia kindi karanga. Wiki ya kwanza nilimpita. Ya pili nikatikisa kichwa, naye akatikisa. Ya tatu akasema mchana mwema. Kama ningekosa siku nne tano tungerudi mwanzo. Kilichonifungulia mlango si uhodari wa Kijerumani changu, ni ile saa. Saa nane na nusu, kila siku isiyokuwa ya zamu ya jioni. Kufika Machi akawa anausogeza mfuko wake wa karanga nipate pa kukaa.

Akaniuliza natoka wapi. Najua swali hili linawachoma wengi, na wana haki, maana wapo wanaoliuliza kwa nia ya kukuonyesha mlango. Nenda na sauti ya anayeuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka hadithi. Nikasema Tanga, Tanzania, pwani, na kwa sababu barabara ya Usambara iko hapo karibu nikaongeza, chini ya milima ya Usambara.

"Usambaraveilchen!" akasema, na mikono yake ikafanya umbo la chungu kidogo cha maua.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe Wajerumani wana ua la dirishani, la zambarau, majani yana manyoya kama shavu la mtoto mchanga, na jina lake maana yake ni urujuani wa Usambara. Mama yake alikuwa nayo safu nzima jikoni. Alidhani Usambara ni neno tu, kama jina la sabuni. Hakujua ni mahali penye watu. Nami niliyezaliwa chini ya milima ile sikujua kwamba ua lile lilitoka kwetu, likapelekwa kwao 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ile, aliyempelekea baba yake mbegu, na jina lake likaingia kwenye vitabu vya sayansi: Saintpaulia. Tulikaa pale wawili, kila mmoja kapungukiwa nusu ya habari.

Juma lililofuata aliniletea jani. Jani moja, na kikonyo chake, limefungwa karatasi ya jikoni iliyolowa ndani ya kikopo cha mtindi. Akanielekeza: kikonyo ndani ya maji, jani lenyewe lisilowe, weka dirishani pasipo na jua kali. Jua kali, Berlin, Machi! Tukacheka. Baada ya wiki kadhaa likatoa vimizizi vyeupe kama nyuzi, nikalihamishia kwenye udongo. Sasa nina vyungu vitatu. Kimoja nilimpelekea binti wa Muheza anayefanya kazi wodi ya jirani, akakitazama akasema, hivi si kama yale majani ya huko juu Amani tunayoyapita kila siku?

Jambo la mwisho, ni la simu. Wakati wa baridi Tanzania imetutangulia saa mbili, wakati wa kiangazi saa moja. Nikiwa bustanini saa nane na nusu, kwetu ni saa kumi na nusu, mama ameshaswali alasiri yuko barazani na kahawa. Huo ndio wakati wangu wa kumpigia. Zamani nilimpigia usiku kitandani, na kila mazungumzo yaliisha na mmoja wetu analia. Chumba kidogo, giza, sauti ya nyumbani, utafanyaje? Nikiwa natembea, sauti yangu inatoka na pumzi. Naye anasikia kunguru. Kunguru wa huku wana makoti ya kijivu, anasema wanalia kama wale wetu wanaoiba samaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Uko njiani? Unakwenda wapi?"

"Siendi popote, natembea tu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Haya," husema, kwa ile "haya" yake isiyokubali. Miaka inapita na bado ananiuliza unakwenda wapi. Ila mwaka jana nilimsikia anamjibu jirani aliyeuliza kama niko kazini: hapana, yuko kwenye matembezi yake.

Oktoba hii amekuja msichana wa Korogwe, amepangiwa hospitali moja nami. Wiki tatu amenipa visingizio, mara kafua, mara mvua, mara kachoka. Nikamwona juzi kwenye chumba cha kubadilishia nguo anahangaika na zipu ya koti, macho yamejaa machozi, na zipu yenyewe haikuwa na kasoro yoyote. Nikamwambia kesho saa nane nakungoja mlango wa chini. Usiku akaniandikia: "Dada, kwani tunaenda wapi?"

Nikamjibu hatuendi kokote, vaa soksi mbili.